Yaya, pesa nyingi ni yangu lakini karatasi iandikwe jina la nani?

BARUA

Yaya, jambo sana. Nasomaka majibu yako na nilikuwa najiambia mambo ya watu ni mingi kweli, leo zamu ni yangu.

Niko na miaka 28, natumika mu famasi moja hapa Lubumbashi, napanga Kampemba pamoja na mudogo wangu mwanamuke mwenye anasoma inivasite. Niko na muchumba, yeye ni fundi wa magari, wanatumika na rafiki yake mu garaji. Familia yake ilisha kuja kwetu, wakapewa liste ya mahari, wakatoa kipande, mbuzi na koti ya baba mukubwa bado. Etasivili, ndoa ya Serikali, tulisema mwaka kesho. Hatuishi pamoja lakini pesa tunaweka pamoja, na hapo njo shida ilianzia.

Tunaweka kila mwezi, miye kwa mushahara na likelemba (muchango wa zamu) ya kazini, yeye kwa kazi yake yenye siku ingine ni nzuri siku ingine sufuri. Leo tuko na dola 10 000. Miye nilileta 7 200, yeye 2 800. Sisemi hii juu ya kujisifu, nasema juu utaona mbele imekuwa maneno. Kwa mwezi miye napata dola 420, yeye tuseme 300 kama magari yanakuja.

Sasa bayeri wangu, mwenye nyumba, amenipa notisi. Anasema mutoto wake anarudi toka Kolwezi na anataka kuingia mu nyumba, basi mwisho wa mwezi wa kumi niwe nimetoka. Nalipa dola 120 kwa mwezi. Nyumba zenye niliona za bei hiyo wanaomba garanti, ile pesa ya kuweka mbele, ya miezi sita, wengine kumi, ukipiga hesabu ni dola 720 mpaka 1 200 unaenda kumuachia mutu mu mikono na kuja kuirudisha ni vita. Muchumba akasema hapana, hii pesa tusiitupe kwa bayeri mwingine, tununue yetu. Na miye pia nimechoka Yaya, nimechoka mwenye nyumba kugonga mulango saa kumi na mbili ya asubuhi juu ya faktire ya umeme, nimechoka kuomba ruhusa ya kupigilia musumari.

Komisioneri mumoja, dalali wa nyumba, akatupeleka kuona vitu viwili.

Cha kwanza ni nyumba Katuba. Vyumba viwili na salo, malata bado mazuri, kisima ndani ya parseli (kiwanja), umeme unakuja na kuondoka kama kwa kila mutu. Bei dola 13 500. Mwenye kuuza ni mutoto mukubwa wa mwenye nyumba, baba alisha kufa. Anakubali tumupe 10 000 mara moja, 3 500 yenye inabakia tumalize mu miezi sita. Karatasi yenye alituonyesha ni buku ya zamani ya lojeri yenye jina la baba yake, kava imekatika, na barua moja ya kartie (mtaa). Siku tulienda, mama mumoja muzee alikuwa anaikala ku barza anachambua sombe. Hakutusalimia, aliendelea tu kutoa majani ku vijiti na kutupa mu sahani, nikasikia anauliza mutoto mudogo, "hawa ni nani tena?" Ile "tena" ilinibakia mu kichwa. Nikauliza komisioneri, akasema ni shangazi tu, amekuja kutembea.

Cha pili ni parseli tupu huko Annexe, mbali kabisa, unashuka taksibisi unapanda tena piki. 20 kwa 25, dola 4 500. Iko na kichuguu kikubwa katikati, komisioneri anasema hiyo ni bahati, mutapiga na kuchoma matofali yenu wenyewe. Karatasi ni ya shefu wa kimila na fishi (karatasi ya maelezo) ya parseli. Muchumba haipendi, anasema hawezi kuanza maisha mu pori, atajenga miaka mitano watu wanamucheka. Miye naipenda kidogo juu pesa inabakia.

Komisioneri anapiga simu asubuhi na mangaribi. Kuna watu wa Likasi wanataka ya Katuba, leteni avansi ya dola 1 000 tuifunge, mukichelewa musinilaumu.

Na sasa jina. Muchumba anasema karatasi iandikwe jina lake. Si ya wawili, lake. Anasema mwanaume njo kichwa ya nyumba, na kama ni jina langu familia yake watasema alienda kuingia kwa mwanamuke. Mama yake naye alinipigia simu, kwa upole kabisa, akaniambia "mwanangu, nyumba ni ya bwana na wewe ni wa bwana, sasa unaogopa nini?" Nikakosa jibu. Kaka yangu yeye anasema ukitia jina la huyu kijana mbele ya etasivili usinitafute tena, andika jina lako ao jina la mama yetu, hapo itakuwa salama. Miye niko katikati. Nampenda, si mutu mubaya, hajanidanganya ata siku moja. Lakini usiku nahesabu ile 7 200 na usingizi inapotea.

Nikinunua haraka naogopa, nikingojea pesa itaisha ku garanti, nikikatalia jina ndoa inaweza kufa. Unisaidie Yaya.

Mwenye kutafuta kwake, Kampemba


JIBU LA YAYA

Mudogo wangu, asante kwa kuandika kwa urefu, wengi wananitumiaka "Yaya nisaidie nyumba" halafu basi. Wewe umeweka mpaka sombe ya yule mama, na hiyo sombe itatutumikia sana hapa chini.

Nikisoma vizuri naona maulizo matatu: nyumba gani, lini, na jina la nani. Na watu wote wanaokuzunguka wanataka uyajibu yote siku moja. Mimi ningeanza kuuliza hii haraka ni ya nani, maana kila mtu yuko na yake. Bayeri yuko na haraka ya mtoto wake. Komisioneri yuko na haraka ya asilimia yake, analipwa siku mmenunua, siku mmekataa anarudi nyumbani mikono mitupu, njo maana watu wa Likasi hawaishi (kila komisioneri wa huu mji yuko na watu wake wa Likasi, sijawahi kuwaona). Muchumba yuko na haraka ya kutoka mambo ya kupanga, na pengine ya kuonekana mwanaume mbele ya kwao. Yule mtoto mkubwa anayeuza Katuba yuko na haraka ambayo bado hatujajua inatoka wapi. Yako wewe ni moja tu, mwisho wa mwezi wa kumi.

Tuanze na hiyo moja. Hukusema bayeri alikupa notisi lini na kama aliandika ama alisema tu mlangoni. Sheria ya upangaji ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inatoa miezi mitatu ya notisi kwa nyumba ya kukaa, na garanti haipaswi kupita miezi mitatu. Najua, najua, ukimwambia bayeri wa hapa mambo ya sheria anacheka na nyumba anampa mwingine. Lakini kwa bayeri wako wa sasa, mwenye anataka utoke bila kelele, hiyo ni maneno ya kuzungumzia, na mkikosa kuelewana kuna servisi ya abita (ofisi ya mambo ya nyumba) ku komini yenye inasikilizaka kesi za wapangaji na wenye nyumba. Pengine unapata mwezi wa kumi na moja, pengine wa kumi na mbili. Halafu kuna kitu nadhani umesahau kuhesabu. Kwa huyu bayeri uliingia bila garanti? Sidhani. Basi kuna pesa yako mikononi mwake inapaswa kurudi, na ndiyo inaweza kuingia kwa bayeri mwingine. Kwa hiyo ile "tutatupa dola 1 200" muchumba anasema, ipige hesabu tena. Garanti inakaa kama pesa imefungwa, na kweli kuifungua ni vita, lakini haijatupwa.

Sasa Katuba. Naelewa mbona mliipenda, nyumba iko tayari, kisima kiko, mnaingia na kitanda chenu. Lakini muuzaji ni mtoto wa marehemu, na hapo njo ningesimama mimi. Kwa sheria yetu ya familia watoto wote wa marehemu ni waridhi wa kwanza, wakubwa na wadogo, wanaume na wanawake, hata wale wa inje kama baba aliwatambua. Mtoto mkubwa sheria inampa kazi ya kupanga na kugawa mali ya baba kama ndugu hawajachagua mwingine, haimpi nyumba. Na mjane yuko na haki ya kukaa ndani ya ile nyumba aliyokuwa anaishi na bwana yake. Sasa rudi kwa yule mama wa barza. Shangazi mwenye amekuja kutembea hachambuaki sombe bila kusalimia wageni na kuuliza "hawa ni nani tena". Mimi sijui ni nani, na wewe hujui, pengine kweli ni shangazi na siku hiyo alikuwa na hasira zake. Lakini kama ni mjane, basi mnaenda kununua nyumba yenye mtu ndani, na ile "tena" inasema mmekuja wengi mbele yenu. Wale wengine mbona hawakununua?

Hiyo mnaweza kuijua bila komisioneri. Rudi siku ingine wewe na mudogo wako, bila yeye. Kunyweni soda ku ligablo (kibanda cha duka) ya ngambo ya barabara, muulize nyumba ile ni ya nani, watoto wa marehemu ni wangapi, wako wapi. Jirani wa Katuba anajua mpaka tarehe ya kilio. Mwone na shefu wa avenyu. Halafu mwambie muuzaji alete karatasi ya kifo cha baba, prose-verbal (maandishi ya kikao) ya baraza ya familia yenye waridhi wote wametia saini na nakala ya kadi zao za uchaguzi, na kama kuna jijima (hukumu) ya tribinali bora zaidi. Kama kuna ndugu yuko Kinshasa ama Zambia, yeye pia atume prokirasio (karatasi ya kumpa mwingine ruhusa ya kutia saini). Na kama kati ya hao waridhi kuna mwenye analeta vurugu leo, msijiambie "atatulia mkisha kulipa". Hatuliaki.

Ile buku ya lojeri nayo. Ni karatasi ya heshima, wazee wetu wa site walipewa hiyo na waliishi nayo miaka, inaonyesha baba alikuwa pale. Lakini tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 udongo wote ni wa Serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia, na karatasi inayosimamisha hiyo haki ni sertifika ya anrejistrema (hati iliyoandikishwa) yenye inatoka kwa konsevateri wa titre imobilie, mwandikishaji wa hati za ardhi na nyumba. Ukishaipata kwa njia ya haki na miaka miwili ikapita, kuja kuivunja ni ngumu sana. Bila hiyo uko na nyumba, ndiyo, unalala ndani, lakini siku mtu anakuja na sertifika yake unaanza kuzunguka tribinali na buku yenye kava imekatika. Kwa hiyo mkitaka Katuba, nendeni kwa konsevateri na kwa kadastri (ofisi ya kupima ardhi), mkiwa na namba ya parseli, muulize kama imeandikwa kwa jina la nani, kama kuna deni ama kesi juu yake, na kuigeuza mpaka kwa jina lenu itakula pesa ngapi. Hiyo pesa nayo haiko ndani ya 13 500.

Na ile 3 500 ya miezi sita, umeigawanya? Ni karibu dola 583 kwa mwezi. Nyinyi wawili mnaleta 720, mwezi magari yakikuja. Inabaki 137 ya kula, ya transpo, ya mudogo wako inivasite, ya malaria. Na 10 000 yote imesha kwenda, hakuna hata ya kununua kufuli. Mkikosa mwezi wa nne, kontra (mkataba) inasema nini? Nyumba inarudi kwake na pesa yenu inabaki kwake? Wengine wanaziba hiyo shimo na mkopo wa mikrofinansi, lakini mikopo ya hapa ni ya muda mfupi na faida yake inauma, ile ya kulipa miaka 20 tunaonaka kwa filamu haijafika kwa mtu wa famasi na mtu wa garaji. Sisemi haiwezekani. Mnaweza kuomba miezi kumi na mbili, ama kuteremsha bei, maana muuzaji mwenye karatasi nusu hawezi kuuza bei ya karatasi nzima, na hiyo wengi hawathubutu kumwambia.

Annexe nitasema kwa ufupi kidogo, maana naona moyo wako uko kule lakini kichwa bado. Uzuri wake unaujua, 4 500 na inabaki 5 500. Lakini karatasi ya shefu wa kimila si titre (hati). Sheria ya 1973 iliacha mashamba ya kimila yangojee ordonansi (amri) ya Rais ya kuyapanga, ikangojewa hivyo miaka na miaka, njo maana mashefu wanaendelea kugawa na Serikali nayo inagawa, na parseli moja inakuwa na baba wawili. Mbele ya kulipa, mtu wa kadastri afike apime, aseme kama iko ndani ya barabara iliyochorwa, chini ya waya kubwa za umeme ama kwa njia ya maji, kisha muanze kontra na Serikali kwa jina lenu. Na mkipata parseli mkaiacha tupu muda mrefu, mtu atalima mahindi, mwaka unaofuata atajenga, na Serikali nayo inaweza kusema hamkuitumikisha.

Kichuguu kweli ni mali, nusu ya Lubumbashi imejengwa na udongo wa vichuguu. Ila matofali yanapigwa na kuchomwa wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, na wewe bayeri anakutoa mwezi wa kumi, mvua inakaribia kuanza. Kwa hiyo Annexe haimalizi shida ya mwezi wa kumi, utapanga tu, angalau mpaka kiangazi kingine. Na pale mtachimba kichuguu, msisimamishe msingi juu yake bila mwashi kuona udongo umekaa namna gani. Jambo lingine, mwende kuiona mvua ikisha kunyesha sana. Parseli ya kiangazi inadanganyaka.

Halafu kuna njia yenye haiko ndani ya barua yako, nayo ni kupanga mwaka mmoja tena, pengine nyumba ndogo kuliko hii, mfanye etasivili kwanza, na huo mwaka mtafute karatasi na si nyumba. Iko na hatari zake pia, nisikufiche. Bei inaweza kupanda. Pesa ikikaa inaonwa, leo kilio, kesho minervale (pesa ya masomo) ya mtoto wa ndugu, na sherehe ya ndoa yenyewe inaweza kula nusu. Na muchumba anaweza kuisikia kama umemkataa. Lakini kabla ya hiyo niambie, zile 10 000 ziko wapi leo? Benki, na akonti ni ya nani? Kwa sefu ya garaji? Ulihesabu kila dola lakini hukusema zinalala wapi, na mimi naona hilo ni ulizo la jina pia, limekuja mbele ya nyumba.

Sasa tufike kwa jina.

Mudogo, leo nyinyi wawili mbele ya sheria si bwana na bibi. Mahari iko nusu, etasivili bado. Nyumba ikinunuliwa leo kwa jina lake, ni yake, na 7 200 yako inakuwa maneno ya mdomo. Ikinunuliwa kwa jina lako, ni yako, na 2 800 yake inakuwa maneno ya mdomo vilevile, na hiyo pia si haki, sivyo? Mkishafunga ndoa etasivili mtaulizwa mchague namna ya mali. Kuna kila mtu na yake, kuna yote ya pamoja, na kuna ile ya katikati yenye sheria inawapa kama hamkuchagua, kwamba kila mmoja alichokuja nacho kinabaki chake na mnachokipata ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Na nyumba ya pamoja haiuzwi bila wote wawili kukubali. (Hii inakuhusu hata kama mnunuzi, muuzaji mwenye bibi, saini ya bibi iwepo.)

Sitaki umuone muchumba kama mwizi, na barua yako haisemi hivyo. Nataka tu uangalie kama unajua anaogopa nini. Umeandika "familia yake watasema aliingia kwa mwanamuke". Hiyo ni aibu, si tamaa ya pesa, na ni mambo mawili yenye dawa mbalimbali. Kama ni aibu, majina mawili juu ya karatasi yanaweza kumtosha, maana jina lake liko, mama yake ataliona kwa macho yake. Kama majina mawili nayo anakataa, hapo una haki ya kumuuliza kwa upole, "nikiwa na jina langu pembeni ya lako, wewe inakupunguzia nini?" Halafu unyamaze, umwache ajibu. Mama mkwe alikuuliza unaogopa nini na ukakosa jibu, pengine jibu ni rahisi tu, unaweza kumwambia "mama, siogopi mtoto wako, naogopa siku ambayo yeye hayuko." Maana siku hiyo hata yeye mama ni kati ya waridhi, na ndugu zake wote, na mjane bila etasivili anatoka na sanduku yake. Hiyo tumeiona mno huu mji.

Kaka yako naye anakupenda, naona. Lakini "jina la mama, itakuwa salama" ningelifikiria mara mbili. Siku mama akituacha, Mungu amwekee miaka, nyumba yako inakuwa ya watoto wote wa mama, na wewe unakuwa yule anayeshinda anatafuta saini za ndugu. Si njo ile ya Katuba unaikimbia?

Majina mawili yanaweza kuandikwa na sehemu ya kila mtu, 72 kwa mia na 28 kwa mia kama ndivyo mlileta, mbele ya notere (mthibitishaji wa mikataba). Wengine wanasikia hesabu kama hiyo inaleta baridi kwa mapenzi, wanaandika nusu kwa nusu, na hiyo ni zawadi mtu anaweza kutoa akijua anatoa. Wengine wanaweka jina la mmoja na wanaandika karatasi ya notere kwamba mwingine alileta kiasi hiki. Hiyo ni dhaifu kidogo, inakupa deni, haikupi nyumba, lakini ni bora kuliko kunyamaza. Na wengine wanangoja mpaka etasivili. Mimi sijui ipi inafaa kwenu, hayo ni ya nyinyi wawili kukaa chini, si kwa simu na si kwa garaji rafiki yake anasikiliza. Nendeni na ile daftari ya pesa mlizoweka, kama mko nayo. Kama hamna, muiandike pamoja leo, nani alileta nini mwezi gani, mtie saini. Uangalie tu anavyoipokea hiyo daftari, utajifunza kitu juu yake na pengine kitu kizuri.

Siku mkifika kulipa, popote pale, msihesabu dola ndani ya taksi ya komisioneri. Ni mbele ya notere ama avoka, ama kwa benki toka akonti yenu mpaka akonti ya muuzaji, mashahidi wa pande mbili, risiti yenye jina, kiasi na namba ya parseli. Muangalie noti moja moja, muuzaji akikataa yenye imepasuka kidogo kwa kona muwe na ya kubadilisha, ugomvi mkubwa umeanziaka pale. Na komisioneri mwambieni mbele ni nani anamlipa na ngapi, isiandikwe kwa hewa.

Ile avansi ya 1 000, kuitoa ama kutoitoa ni yako. Ukiitoa bila karatasi inayosema itarudi kama waridhi hawakukubali ama kama konsevateri anasema kitu kingine, ujue umenunua ulizo. Kesho akipiga simu unaweza kumtumia mesaji hii, uibadilishe unavyotaka: "Papa, tuko tayari kuongea. Tutumie nakala ya karatasi ya kifo, majina ya watoto wote wa marehemu na namba ya parseli, tutapita kwa konsevateri wiki hii, avansi tutaijadili kisha." Halafu uone atachukua muda gani kujibu.

Yaya